Filamu kongwe na sifa zake: maswali tunayoulizwa kila tukiwasha projekta

Tunaonyesha filamu za zamani uani, Katubuka, Kigoma mjini, jioni za Jumamosi umeme ukiwepo. Wanaokuja ni mchanganyiko: walimu, vijana wa bodaboda, akina mama waliomaliza biashara soko la Mwanga, wazee wa Ujiji wanaokumbuka picha za miaka ya sabini kuliko sisi. Maswali yanajirudia, basi tumeyaandika hapa pamoja na majibu yetu. Usipokubaliana nasi, njoo tubishane, lakini picha ikishaanza nyamaza.

Mnaposema filamu kongwe mnamaanisha ya mwaka gani?

Hatuna mwaka wa kukata. Ni filamu inayotajwa kwa jina hata na watu ambao hawajazaliwa ilipotoka. Sholay ya 1975 imo. Titanic ya 1997 inabisha hodi mlangoni.

Jibu la haraka: zinastahili sifa zake au tunapigwa changa la macho?

Nyingi zinastahili, ila si kwa sababu zilizoandikwa kwenye kasha. Filamu iliyopata jina kwa kuwa ya kwanza kufanya jambo fulani huchakaa, maana waliokuja nyuma wameliiga jambo hilo mpaka limekosa ladha. Iliyopata jina kwa sababu ya watu waliomo ndani, shida zao na aibu zao, haichakai. Ukiishika tofauti hiyo, majibu mengi yaliyobaki utayatabiri mwenyewe.

Nani anayetoa hizo sifa?

Orodha inayotajwa sana ni ya jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 hukusanya kura za wahakiki kila baada ya miaka 10. Mara ya kwanza iliongoza Bicycle Thieves ya Italia. Kuanzia 1962 hadi 2002 Citizen Kane haikung'oka juu. Mwaka 2012 ikaondolewa na Vertigo ya mwongozaji Hitchcock, ambayo ilipotoka 1958 wengi hawakuithamini. Mwaka 2022 wakapiga kura wahakiki zaidi ya 1,600, na kiti kikaenda kwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975 inayomfuata mama mjane wa Brussels akipika, akiosha vyombo na kumenya viazi kwa zaidi ya saa tatu.

Kwa hiyo "filamu bora kuliko zote duniani" ni cheo kinachobadilisha mwenyewe. Mama lishe mmoja tuliyemsimulia habari za hiyo ya mwisho alituuliza kwa nini akae kutazama mtu akimenya viazi wakati yeye humenya vyake kila alfajiri, tena bila kupewa kura. Tukamwambia hilo ndilo hasa Akerman alilotaka lionekane, kwamba kazi hiyo ni kazi. Akasema analijua hilo bila sinema.

Citizen Kane: kweli ni nzuri, au watu wanaogopa kusema imewachosha?

Yote mawili. Orson Welles alikuwa na miaka 25 alipoiongoza, akaandika pamoja na Herman Mankiewicz, na yeye mwenyewe akaigiza bepari wa magazeti kuanzia ujana hadi uzee. Ilitoka 1941. William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti aliyejiona ndani yake, alizuia magazeti yake yasiitangaze. Katika tuzo za Oscar ilitajwa kwenye vipengele tisa ikaambulia kimoja, cha uandishi.

Wapenzi wake watakueleza habari za kamera: jinsi mpiga picha wake, Gregg Toland, alivyofanya mtu wa karibu na mtu wa mbali waonekane wote wawili bila ukungu, jinsi sakafu ilivyotobolewa ili kamera ishuke chini na dari zionekane. Haya yalikuwa maajabu wakati huo. Leo tamthilia ya jioni inafanya hivyohivyo na hakuna anayeshtuka. Ukija kwa ajili ya hayo utasinzia.

Njoo kwa ajili ya meza ya kifungua kinywa. Kane na mke wake wa kwanza wanakaa kula asubuhi. Wamefunga ndoa juzi, wamesogeleana, wanatupiana maneno ya mahaba. Picha inapita kasi, ni asubuhi nyingine: nguo zimebadilika, sauti zimekauka kidogo. Inapita tena, sasa wanagombana. Inapita tena. Mwishowe hakuna anayesema neno; kila mmoja ana gazeti lake, na gazeti aliloshika mke ni la mshindani wa mumewe. Ndoa nzima imekufa kwa dakika chache na hujaambiwa na mtu. Hapo ua letu lilinyamaza, halafu dada mmoja nyuma akasema "eeh!" kwa sauti ya mtu anayeijua meza hiyo. Kwa sehemu hiyo peke yake tunaitetea. Nusu saa ya mwisho inaburuta, na hatutajifanya haiburuti.

The African Queen ni filamu ya kwetu?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, hasa na wageni waliosikia habari za meli ya Liemba. Habari ni ya kwetu. Filamu si ya kwetu.

Tuanze na habari. Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa Kigoma, wakaiunga upya. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hii iliundwa mara mbili. Iliingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshika moto. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakizivusha nchi kavu kupitia Kongo mpaka ziwani, zikaikamata meli moja ya Kijerumani, Kingani, na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuizamisha wao. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi ili zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

C. S. Forester akachukua vita hivyo vya ziwani akaandika riwaya mwaka 1935, na John Huston akaigeuza filamu mwaka 1951. Ndani ya filamu meli ya Kijerumani inaitwa Louisa, na inazamishwa na mlevi mmoja na mmisionari mwanamke kwa milipuko waliyoitengeneza kwa mitungi ya gesi. Mzee mmoja wa Ujiji aliyekuja kuitazama aliinuka pale pale: "Liemba haijazamishwa na mama wa kanisa!" Alicheka, lakini hakukaa tena.

Sasa je, ni nzuri? Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ni wazuri mno, hasa wanapokuwa peke yao ndani ya boti wakizozana kuhusu pombe. Bogart ameamka kichwa kikimuuma kwa pombe ya jana, mwanamke anamwaga chupa za gini mtoni moja baada ya nyingine bila hata kumtazama. Bogart alipata Oscar yake pekee hapo. Pia ni filamu ya jasho la kweli: walipiga picha Kongo ya Wabelgiji na Uganda, wengi wakaugua matumbo, na Hepburn aliigiza akipiga kinanda kanisani huku hali yake ikiwa mbaya. Rangi za mto ni za kupendeza mpaka leo.

Lakini Mwafrika humo ndani ni nani? Ni watu wanaoshindwa kuimba wimbo wa kanisa mwanzoni, kisha wanachomewa nyumba na kuswagwa, kisha wanaondoka kwenye hadithi. Baada ya hapo tunabaki na askari wa kufyatua risasi na maji. Filamu yenye vita vya Ziwa Tanganyika na hakuna mtu wa ziwani mwenye jina utakalolikumbuka. Hukumu yetu: waigizaji wanastahili sifa, filamu nusu, na hadithi ya meli yenyewe ingali inasubiri mtu wa kuiandika kutokea upande huu wa maji.

Na Hatari! ya John Wayne?

Ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962. Kukamata faru na twiga kwa kamba juu ya gari kulifanywa na waigizaji wenyewe, na inaonekana. Viti vyetu vya plastiki vilisogea mbele. Kati ya msako mmoja na mwingine wanaume wazima wanataniana kuhusu wanawake mpaka unatamani faru arudi. Itazame kwa ajili ya wanyama.

Za nyeusi na nyeupe si zinachosha macho?

Dakika kumi za kwanza tu. Psycho ya 1960 ingeweza kuwa ya rangi, Hitchcock akakataa, kwa sehemu kwa sababu damu ingezidi. Ile damu ya bafuni ni sharubati ya chokoleti. Tuliwaambia watu kabla ya kuanza, na bado walipiga kelele.

Mbona nyingi ndefu na zinakwenda polepole?

Zilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi, mtu amekaa gizani, hana simu. Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, ina dakika 207 na mapumziko katikati. Saa nzima ya kwanza na zaidi inakwenda kwenye kutafuta watu wa kukilinda kijiji, na mvulana mmoja wa bodaboda aliniuliza mapigano yanaanza lini. Yalipoanza, kwenye mvua na matope, alikuwa anawajua wote kwa tabia, na alipoanguka mmoja alishika kichwa. Kama mapigano yangeanza dakika ya tano asingeshika kichwa.

Kinyume chake, Lawrence of Arabia ya 1962 usiitazame kwenye simu hata kidogo. Kuna mahali mtu anatokea jangwani kutoka mbali sana, nukta nyeusi inayotetemeka kwenye joto, inakua taratibu mpaka unaona ngamia, kisha bunduki. Kwenye kioo cha simu nukta hiyo haionekani kabisa, utadhani mtandao umekwama. Wanaosema filamu hiyo imekuzwa bure, tuwaulize kwanza waliionea wapi.

Sholay bado ipo?

Ipo, na hapa haihitaji utetezi. Wazee wanajua nyimbo zake bila kujua neno la Kihindi. Ila watu husahau kwamba ilipotoka Agosti 1975 ilianza kwa kusuasua, na kwenye tuzo za Filmfare mwaka huo iliondoka na moja tu, ya uhariri. Baadaye ikakaa miaka mitano kwenye ukumbi wa Minerva, Mumbai. Kwa hiyo hata waamuzi wa kwao hawakuijua mara moja.

Kinachoibeba ni Gabbar Singh wa Amjad Khan. Hachezi kama jambazi wa kawaida. Anacheka, anauliza swali, anatembea juu ya mawe mkanda ukiburuzika mkononi, unasikia ule mlio kabla ya kumwona uso. Na kuna ile sarafu. Kibanda umiza chochote kina sheria yake, kwamba stelingi hafi. Sholay inavunja sheria hiyo, na sarafu ndiyo inayokueleza kwa nini. Hatusemi zaidi kwa ajili ya wachache ambao hawajaiona.

Mwisho tuliouzoea sio ule wa kwanza. Mwongozaji Ramesh Sippy alipiga picha Thakur, ofisa wa zamani wa polisi anayemwinda Gabbar, akimmaliza kwa nguvu zake mwenyewe. Wakaguzi wa serikali ya India, wakati wa hali ya hatari, wakataka polisi wafike wamzuie. Ukiona pale mwisho polisi wanatokea kama waliokuwa wamejificha nyuma ya kichaka, sasa unajua waliitwa na nani.

Bruce Lee?

Mwili haujazeeka. Hadithi zimezeeka. Enter the Dragon ilitoka Marekani Agosti 1973, yeye akiwa amefariki Julai 20 mwaka huo akiwa na miaka 32. Ukiondoa mapigano unabaki na kisiwa, tajiri mbaya na mashindano, basi. Lakini chumba cha vioo hakuna aliyekifanya vizuri zaidi tangu hapo, na wamejaribu wengi.

Rambo inahesabika?

Ya kwanza inahesabika, tena inashangaza. Kila mtu anakumbuka bunduki kubwa na utepe kichwani. Hiyo ni ya pili, ya 1985. First Blood ya 1982 ni habari ya askari aliyerudi kutoka Vietnam akafukuzwa mjini kama mzururaji, na kwenye picha nzima anayeonekana akifa ni mtu mmoja, aliyeanguka kutoka helikopta. Inamalizika kwa mwanaume analia. Vijana waliokuja kushangilia walitoka kimya, na wawili wakadai hela ya soda irudishwe.

The Gods Must Be Crazy mbona hamjaionyesha, wakati kila mtu anaipenda?

Tumeionyesha, na watu walicheka mpaka machozi, N!xau ni mchekeshaji wa kuzaliwa. Lakini ni filamu ya Afrika Kusini ya ubaguzi, ya 1980, inayotuaminisha kwamba Wasani hawajawahi kuona kitu chochote cha mjini mpaka chupa ya soda iliposhuka toka angani. Wakati huohuo jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiandikisha Wasani hao hao huko Namibia. Ukilijua hilo utacheka bado, ila kicheko kinakwama mahali. Sifa yake ya uchekeshaji ni halali. Sifa yake ya kuonyesha maisha ya Wasani ni uongo.

Za Waafrika wenyewe ziko wapi kwenye orodha hizo?

Chache, na hilo ni kosa la orodha. Anza na La Noire de… ya Ousmane Sembène, ya 1966, ya kama saa moja tu. Diouana, binti wa Dakar, anapelekwa Ufaransa na mabosi wake akidhani atalea watoto na kuona nchi. Anaishia jikoni na chooni, haruhusiwi kutoka. Alikuwa amewapa zawadi kinyago. Wamekitundika peke yake kwenye ukuta mweupe. Hakuna mtu wa mkoa huu asiyemjua binti aliyeondoka Kasulu au Kibondo kwenda Dar kufanya kazi za ndani kwa ahadi tamu, kwa hiyo tulipoionyesha hatukulazimika kueleza kitu. Kinyago kinaporudi mwishoni, na mtoto anakivaa na kumfuata yule bosi mzungu hatua kwa hatua, hakuna hata neno moja linalosemwa, na bosi anaanza kuharakisha.

Ipo pia The Battle of Algiers, ya mwaka huohuo, ya Mtaliano Gillo Pontecorvo lakini ikipigwa Algiers kwenyewe, na waigizaji karibu wote wakiwa watu wa kawaida. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji, anaigiza mtu anayefanana naye mwenyewe. Utadhani ni taarifa ya habari. Hakuna hata kipande kimoja cha habari ndani yake. Hii inastahili kila sifa iliyopewa.

Filamu zikitafsiriwa kwa Kiswahili kibandani zinaharibika?

Inategemea. Sauti ya Lufufu, mtafsiri wa picha za kibandani, imewafundisha Watanzania wengi kupenda picha ambazo vinginevyo wasingezielewa, na picha ya mapigano mara nyingi hunoga zaidi mtafsiri akiongeza utani wake. Lakini mtafsiri haachi nafasi tupu. Filamu ambayo utamu wake uko kwenye kunyamaza, kama ile meza ya Kane, akiijaza maneno ameila.

Bongo Movie nazo zitakuwa kongwe?

Baadhi tayari. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na bado mtu akiweka picha yake watu wanasogea. Tukisema ukweli, sauti ni mbovu, na hadithi zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili. King Majuto tunamwona atadumu zaidi, kwa sababu uchekeshaji wake uko kwenye uso na miguu, na havihitaji kamera nzuri.

Nikiitazama filamu maarufu nisiipende, mimi ndiye sijui?

Hapana. Jiulize tu kama umeitazama yote, kwenye kioo cha kutosha, bila kujibu meseji. Kama ndiyo na bado haikukugusa, basi haikukugusa. Sisi wenyewe hapa kuna anayeiona 2001: A Space Odyssey ni ibada na kuna anayeiona ni friji iliyoachwa wazi.

Nianze na ipi?

Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948, chini ya saa moja na nusu. Baba wa Roma baada ya vita anapata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mke anavua mashuka ya kitanda, anayafua, anayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Yule karani anayachukua na kupanda nayo kwenye rafu, na hapo ndipo unaona rafu zimejaa mafurushi ya mashuka mpaka juu kabisa, ya nyumba nyingine ambazo hatutazijua. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Picha yote inayobaki ni baba na mtoto wake wakiitafuta.

Lamberto Maggiorani, aliyeigiza baba, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji. Katika mji ambao baiskeli hubeba mawese, mkaa, dagaa na abiria, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu azunguke mji mzima kwa ajili ya magurudumu mawili. Mtu mmoja alitoka nje katikati kwenda kuangalia kama yake bado ipo. Ilikuwepo. Alirudi na kuisukuma ndani, akaitazama picha iliyobaki akiwa ameishika usukani.

Watoto waje?

Waje mapema, tunaanza na Charlie Chaplin. The Gold Rush ya 1925 ni picha bubu, haina mazungumzo ya kusikika, na anapochemsha kiatu na kukila kwa adabu kama mgebuka, akinyonya misumari mmoja mmoja kama miiba, watoto wa Katubuka wanacheka sawa na walivyocheka wa kwao miaka mia iliyopita. Kiatu kilikuwa peremende. Saa mbili usiku tunawaomba wazazi wawapeleke nyumbani, kwa sababu baada ya hapo tunaweka Psycho.